Mrija wa Shakuru

Mume wangu Shakuru anashona viti vya magari. Nasema anashona, ingawa mashine ni yangu na mishono iliyonyooka ni yangu. Yeye anakata ngozi, anapiga misumari na kuongea na wateja. Kwa kuongea hana mpinzani mtaa mzima wa Nyakabiga, hapa Bujumbura. Karakana yetu iko palepale alipoiacha baba yake, ukuta kwa ukuta na duka la vitambaa la Mzee Nasor, na miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kumwonea mtu wangu aibu. Aibu ilikuja tulipohamia Kinanira, mtaa wa wenye nacho.

Alipata kazi ya kushona viti vya mabasi ya kampuni moja ya usafiri, na kabla hatujamaliza basi la pili kichwa kilikuwa kimeshavimba. Nyumba ya Nyakabiga ikawa ndogo, majirani wakawa na kelele, hata samaki wa kukaanga wa mama wa jirani, ambao yeye ndiye alikuwa mlaji mkubwa, wakaanza kumnukia vibaya. Akapanga nyumba kule juu, yenye geti na baraza la kutazamia ziwa. Ziwa nimeliona tangu nizaliwe na halijawahi kunifanyia lolote. Lakini nilifungasha vyombo, maana watoto walikuwa wamekua na vyumba havikutosha kweli, hilo simnyimi.

Wiki ileile nikagundua habari ya kofia. Asubuhi anashuka mjini na kofia yake ya kufuma kichwani, mtoto wa Kiislamu wa kujivunia. Jioni, tukikaribia daraja la Muha, anaivua na kuisukuma chini ya kiti cha gari.

"We, kofia inakuchoma?" nikamwuliza.

"Jua limeshazama, Adija. Ya nini tena?"

Na huko juu akiulizwa jina hasemi Shakuru. Anasema Chaku, jina la kuitia mbwa.

Majirani tuliokuwa tunawavulia kofia ni Ildephonse na mkewe Rosette. Ildephonse alisoma Ubelgiji, akarudi na shahada na tabia ya kunusa. Ananusa kahawa, ananusa mkate, ananusa hata glasi tupu. Kazi yake sijaielewa mpaka leo; nadhani anaandika maneno ya miradi ambayo watu wengine ndio wanaoifanya. Rosette hana ubaya, ila anacheka kila mumewe anapofunga kinywa, hata kama habari yenyewe ni ya msiba.

Siku moja tukiwa barazani kwao, Ildephonse akatangaza kwamba Burundi nayo ina nchi yake ya mvinyo, ila sisi wenyewe tumelala. Wafaransa wana mizabibu, sisi tuna migomba. Kuna mlima upande wa Kayanza, akasema, na kuna mjane pale anayetengeneza urwarwa, ile pombe ya ndizi, safi kiasi kwamba ukiitia katika chupa nzuri hakuna atakayejua imetoka wapi. Tungekwenda wikendi, tulale katika hoteli ndogo ya mjini Kayanza, tuzunguke, tuonje.

"Voisin, jirani yangu, mutakuja na sisi," alimwambia mume wangu. "Itakuwa dégustation kabisa. We Chaku, unapendaka nini, rouge ama blanc?"

"Mi? Mi nakunywaka yote," akajibu Shakuru, ambaye maishani mwake hajawahi kulamba hata kizibo, cha mvinyo mwekundu wala mweupe.

Nilimkazia macho. Akageuka kutazama ziwa.

Sababu ya kualikwa tuliijua muda si mrefu. Petroli ilikuwa imeadimika mjini, magari yamepanga foleni mpaka yanaota kutu, na Shakuru anajuana na kila mwenye dumu la magendo. Ijumaa alizunguka mtaa wa Buyenzi na vichochoro vyake, sala ya Ijumaa ikampita, akarudi na madumu mawili, suruali inanuka, meno yote nje. Ildephonse alinusa, safari hii bila kutaja ladha. Akasema "Merci, voisin," akajaza tangi la gari lake.

Mimi nilikuwa nimekataa. "Mi siendi kwenye pombe," nilimwambia.

"Adija, chonde. Nikienda peke yangu watasema sisi Waswahili tunafungiaka bibi zetu ndani."

Waswahili ndilo jina wanalotuita sisi Waislamu wa mjini, na wakati mwingine wanalitamka kama wanatema kokwa. Nikakubali kwenda, ila nikamwonya kwamba sitadanganya mtu kwa ajili yake.

Tukapanda milima Jumamosi. Ildephonse aliendesha huku akitufundisha neno terroir, yaani kwamba udongo wa mahali unaingia katika kinywaji na ukiwa mtu wa maana utauonja. Shakuru akalidaka neno hilo. Mpaka Bugarama, kila tulichokipita kilikuwa terroir: mteremko wa viazi, mafungu ya kabichi kando ya barabara, hata vijana wa baiskeli waliojishika nyuma ya malori ili wavutwe mpaka juu. Rosette alicheka njia nzima. Mimi nilijifunika khanga, maana baridi ya kule haina mchezo, nikasali kimya kimya kwamba petroli iishe.

Mjane mwenyewe anaitwa Médiatrice. Alitupokea na mikono bado imelowa, kwani alikuwa anaosha mtumbwi wa kukamulia ndizi. Ni mwanamke wa umri wangu, mkavu wa maneno, na nyumba yake ilizungukwa na migomba iliyopaliliwa vizuri kuliko bustani zote za Kinanira. Rosette akafungua kikapu, akatoa glasi za miguu mirefu alizozifunga katika taulo. Médiatrice akazitazama, akamimina bila kuuliza kitu.

Ildephonse akazungusha glasi, akaingiza pua yote. "Vanille," akasema. "Na chini kabisa, ngozi. Munasikia ngozi?"

Ngozi naijua mimi, nashinda nayo na kulala na harufu yake. Pale palikuwa na ndizi mbivu na moshi wa kuni, basi. Lakini Shakuru, ambaye ngozi ndiyo inayomlisha, alifumba macho na kusema, "Ngozi kabisa, voisin." Halafu akarudi hatua kidogo, akauegemea mgomba, na kila Ildephonse alipoinua kichwa kuangalia mawingu, glasi ya mume wangu iliinama. Mgomba ule ulikunywa kuliko sisi sote.

Zamu yangu ilipofika nilisema, "Mama, mimi ni Muislamu, pombe sinywi." Médiatrice hakuuliza wala hakushangaa. Aliingia ndani akatoka na kata ya umutobe, maji ya ndizi yaliyokamuliwa asubuhi ileile, ambayo hayajachacha na hayamleweshi hata mtoto. Yalikuwa matamu, ya baridi, nikaomba tena. Yote yaliyomtesa mume wangu siku ile yangemalizwa na sentensi moja, na sentensi yenyewe alikuwa ameisikia mkewe akiisema.

Mchana akaja shemeji yake Médiatrice, mdogo wa marehemu mumewe, kijana anayeitwa Espoir, pamoja na marafiki zake. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba siku ile haikuwa yetu. Migomba ya chini, ile inayoteremka mpaka barabarani, ilikuwa ya Espoir kwa urithi, na Médiatrice alikuwa ameinunua kwake. Malipo yalishafanyika. Lililobaki ni kunywa. Kule mlimani ardhi haijauzwa mpaka watu wamekunywa mtungi mmoja mbele ya muuzaji na mnunuzi. Karatasi ya serikali itafuata siku yake, lakini wanaoulizwa kukiwa na ugomvi ni wale walionywa.

Médiatrice alitueleza mwenyewe, taratibu, ili asiwepo wa kusema hakujua. Espoir amekuja na watu wake. Yeye kwa upande wake alikuwa na mzee mmoja tu, jirani wa miaka mingi. Alituomba tukae kwa sababu sisi wageni hatuna shamba pale wala ndugu wa kumpendelea.

"Mwenye kunywa amesema ndiyo," alisema. Kisha akanigeukia. "Na wewe mama, umutobe wako ni sawasawa. Umetoka katika ndizi hizohizo."

Nikanywa, nikijua ninachokinywa. Ildephonse alifurahi kama ameletewa ngoma. "Authentique, ya asili kabisa!" akasema, akampa Rosette simu ampige picha, akavuta kwa mrija mpaka mashavu yakaingia ndani.

Ikafika zamu ya Shakuru. Aliinama, akaweka mrija kinywani, akafumba macho. Koo likapanda, likashuka, likapanda tena. Nimeishi na koo lile, nalijua linavyokwenda likimeza chai na linavyokwenda likimeza mate. Mrija ulikuwa mkavu. Akainuka, akapangusa midomo, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Ah! Iko na nguvu!" Watu wakacheka, wanawake wakapiga vigelegele.

Tulipobaki wawili hotelini nikamwuliza. Alinijibu kwa fahari kabisa.

"Hata tone, Adija. Mungu anajua."

Alijiona mjanja: majirani wamefurahi, dini haijaguswa. Nikamwambia yule mama hakuwa anauliza kama anapenda pombe, alikuwa anamwomba awe shahidi wake. Akasema nakuza mambo, mlima una watu wengi, nani atakuja kumtafuta fundi wa viti.

Tuliporudi akawa na maneno mawili. Kinanira alisimulia urwarwa wa Kayanza kwa kila aliyesimama, na nguvu zake, na ngozi yake. Nyakabiga alisema alikwenda kumwona mteja. Nilikuwa nakaa kwenye mashine namsikia akibadilisha hadithi kulingana na mtu aliyeingia mlangoni, na mguu wangu unakanyaga pedali kwa hasira mpaka uzi unakatika.

Halafu Ildephonse akaanza kuzungumzia domaine yake, yaani shamba lake la mvinyo. Amepata shamba, alisema, migomba iliyoteremka mpaka barabarani, atajenga vyumba vya wageni na watu watakuja toka Bujumbura kuonja. Muuzaji ni kijana mwelewa, anaitwa Espoir.

"Si ile ya Médiatrice?" nikauliza. "Si ilishauzwa mbele yetu?"

"Oh, madame Adija," akasema Ildephonse, "ile ilikuwa folklore, michezo ya mlimani tu."

Rosette akacheka. Na Shakuru naye akacheka. Hapo nilimchukia, sifichi. Yule mama alitukalisha kwake, akatupa kinywaji kwa mikono yake, na huyu anachekelea anavyonyang'anywa.

Médiatrice alikuja siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Aliuliza njia mpaka akaipata karakana. Shakuru alikuwa amesimama mlangoni na kanzu yake nyeupe, kofia imekaa sawa, anazungumza na Mzee Nasor, ambaye ni mtu wa kusikilizwa pale msikitini, na wenzake kadhaa. Mimi nilikuwa ndani kwenye mashine, naona kila kitu.

Alisalimia, akasema shida yake bila kuzunguka. Espoir amekana kwamba aliuza. Yule mzee jirani yake amefariki. Waliobaki ni watu wa Espoir, na hawakumbuki kitu. Wazee wa mlima wanakaa Jumanne kuamua. Alikwenda kwanza kwa Ildephonse, na mlinzi akamwambia bwana hayupo, huku kicheko cha bibi kinasikika nyuma ya geti.

"Wewe ulikunywa," alimwambia mume wangu kwa Kirundi, na Nyakabiga hakuna asiyekielewa. "Ulikunywa, ukasema ina nguvu. Njoo uwaambie hivyo tu, sikuombi kingine."

Shakuru alimtazama Mzee Nasor. Akaitazama kanzu yake mwenyewe. Akainua mkono wa kulia.

"Mama, mi? Apana. Wallahi sikukunywa. Mi ni muislamu, pombe haiyaingia mu kinywa yangu hata siku moja. Hawa watu wananijua."

Na ilikuwa kweli, ndicho kilichonikata maini. Miezi yote ile alikuwa akiwadanganya watu kwamba amekunywa, na siku ambayo kunywa kwake kungemwokoa mtu akaikumbuka kweli.

"Mashallah, Shakuru," akasema Mzee Nasor, akimpapasa bega. "Mungu akuzidishie."

Médiatrice hakulia. Alikaza kitambaa chake kiunoni, akasema, "Basi nimekosea mtu," akageuka kwenda zake.

Nikainuka kwenye mashine. "Mama, ngoja. Mi nilikunywa."

Mzee Nasor akaniangalia juu mpaka chini. "Adija, unasema nini, mwanangu?"

"Nilikunywa kwake, Mzee wangu. Alinipa nikanywa, nikaomba tena. Na Jumanne nitakwenda kusema."

Shakuru alinishika mkono, jasho linamtoka. "Waambie ilikuwa umutobe! Adija, waambie haina pombe!"

"Waambie wewe," nikamjibu. "Na ukimaliza, waambie wewe ulikuwa umeshika nini."

Akaniachia. Mzee Nasor, ambaye hakuzaliwa jana, akaanza kumtazama yeye badala ya kunitazama mimi.

Jumanne nilipanda mlima peke yangu, katika gari la abiria, kati ya magunia. Wazee walikaa uani kwa mmoja wao, kwenye mabenchi, na watu wa mlima wamesimama pembeni. Niliapa, nikaeleza: nani alikaa wapi, Espoir alisema nini alipopokea mrija, yule mzee jirani aliyefariki alivyokohoa akachekwa. Espoir akasimama akasema mimi ni mgeni, mwanamke, tena Mswahili, na hata pombe sikunywa. Wakaniuliza nilikunywa nini. Nikasema umutobe, na nikasema aliyenipa aliniambia maana yake kabla sijagusa kata. Mzee aliyeongoza akatikisa kichwa kukubali.

"Na mume wako?" akauliza. "Huyu mama anasema naye alikunywa. Mbona hakuja?"

Nilikuwa nimeapa. Ningeweza kusema anaumwa, na ulimi ulinijia na neno hilo. Lakini nilimwona Médiatrice amekaa chini na mikono mapajani, na migomba yake ikionekana kwa mbali nyuma yake.

"Aliweka mrija kinywani," nikasema. "Hakuvuta."

Uwanja mzima uliguna. Kule mlimani anayejifanya kunywa mtungi wa mtu amemwambia mwenye nyumba kwamba mtungi una sumu. Bibi mmoja alitema mate chini. Médiatrice alifunika mdomo kwa kiganja. Yule mzee akaniuliza, si kwa ukali, "Kwa nini hakusema tu kwamba hanywi? Angepewa umutobe. Watoto wetu wanapewa." Nilisimama pale nimemwonea aibu mtu niliyezaa naye, mbele ya watu nisiowajua, na machozi yalikuwa karibu.

Lakini ni maneno hayo yaliyowageuza. Mmoja wa wazee alisema kwamba mwanamke anayemwanika mumewe hivi hana sababu ya kudanganya kwa ajili ya ndizi za mwingine. Wakambana tena rafiki mmoja wa Espoir, akainamisha kichwa, akasema ndiyo, alikunywa, shamba liliuzwa. Wakaamua migomba ya chini ni ya Médiatrice. Alinisindikiza mpaka barabarani akiwa ameushika mkono wangu.

Nilifika Kinanira jioni. Shakuru alikuwa barazani ananisubiri. Alikuwa ametengeneza chai mwenyewe, ameileta na vikombe viwili, na nilipoiona nikalainika kidogo. Nilijiambia labda amekaa na nafsi yake, labda leo kuna kitu kimemwingia. Nikakaa, nikapokea kikombe.

"Uliwaambia juu yangu?" akauliza.

"Niliwaambia."

"Kama sikuvuta?"

"Kama hukuvuta."

Ng'ambo ya ukuta Rosette alikuwa anacheka. Shakuru akasogeza kiti karibu yangu, akashusha sauti.

"Sasa Ilde akisikia kama sikukunywa," akasema, "ataniona mutu gani?"

Shamba lilikwenda kwa nani, mpaka leo hajauliza.